Jembe, Nyumba na Daftari la Mwalimu

Shija mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana umeniamkia leo asubuhi na kesho utaniamkia tena kabla gari la Mheshimiwa halijafika. Najua utashangaa kupewa barua na mtu unayenawa naye bakuli moja. Utashangaa zaidi kuona imeandikwa kwenye daftari kuukuu, tena kuanzia kurasa za nyuma. Nakuomba usifungue mbele kwanza. Soma huku nyuma mpaka mwisho, halafu ndipo ugeuze.

Wewe umekwenda Segese kuwaaga wajomba zako, mama yako yuko kisimani, nami nimevuta kigoda upande wenye kivuli cha nyumba. Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameshakufungia michembe ya viazi na karanga, ameshakuambia ulale wapi na usile kwa nani, na akikuambia mara ya pili itikia tu. Mimi nina langu moja, na ninaliandika kwa sababu kulisema nimeshindwa kwa miaka kumi. Unanijua. Mimi ni ningi, mtunga nyimbo na kiongozi wa ngoma ya Bagika, tangu kabla dada zako Kulwa na Doto hawajazaliwa. Nikianza kusimulia jambo kwa mdomo, sijafika hata katikati nimeshalipamba, watu wameshacheka, nami nimeshakipenda kicheko chao kuliko lile jambo lenyewe. Karatasi haicheki, kwa hiyo nitajaribu kusema ukweli.

Mheshimiwa amekuita umwimbie kampeni. Amesikia una sauti, amesikia wewe ni mtoto wangu, na amekuahidi kwamba akirudi bungeni utakuwa karani wake. Nami tangu juzi watu wananipa hongera njiani, nami naitikia kama mtu mwenye akili timamu. Nataka ujue ni mtu wa namna gani unayekwenda kumwimbia, na ni mtu wa namna gani aliyemwimbia kabla yako. Wa pili ndiye mbaya zaidi.

Uchaguzi wenyewe unaujua ulivyo. Chama kinaleta wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue anapopiga kura. Wanazungushwa ndani ya gari moja, wanakaa meza moja, kila mmoja anapewa dakika zake, na msimamizi anakaa katikati yao na saa mkononi. Ni utaratibu mzuri. Aliyeutunga alidhani kwamba watu wakiwaona wawili wamekaa sawasawa, wakiwasikia sawasawa, basi watawalinganisha. Hakutufahamu sisi.

Sisi tuliwalinganisha, ndiyo. Wazee walilinganisha vitambi. Walisema jembe ana mwili wa mtu anayeshiba, na mtu anayeshiba hana haja ya kuiba, na walilisema hilo kwa sauti nzito kabisa wakitikisa vichwa. Akina mama walilinganisha viatu. Vijana walilinganisha nani ametaja mpira. Yupo jirani yetu mmoja, simtaji kwa sababu bado yu hai na bado ni mjinga, ambaye alisema atampa kura yule atakayemaliza chakula chote alichopewa, kwani anayebakiza anatudharau. Mheshimiwa alimaliza chake na kipande cha paja alichobakiza mwenzake. Kura hiyo aliipata kihalali.

Na mimi nililinganisha nini? Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Unajua ngoma zetu zinavyoshindana baada ya mavuno. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule anayewavuta watazamaji wakamwacha mwenzake. Hakuna hakimu. Watu wenyewe wanahama, na miguu yao ndiyo hukumu. Mwaka ule, kabla ya kampeni, Bagalu walinishinda. Walinishinda vibaya. Walileta kijana anayecheza na chatu shingoni, watu wakaondoka kwangu mmoja mmoja, kisha kumi kumi, mpaka nikabaki nawapigia ngoma watoto wadogo na mbwa wawili. Sikulala vizuri mwezi mzima. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, ananyimwa usingizi na chatu.

Sasa ikatangazwa kwamba siku wagombea watakapokuja kijijini kwetu, ngoma zote mbili zitatumbuiza kabla ya hotuba. Hapo sikuona uchaguzi, mwanangu. Niliona uwanja, watazamaji kuliko wote niliowahi kupata, na Bagalu upande wa pili. Wengine walikuwa wanachagua mbunge. Mimi nilikuwa natafuta wimbo utakaomshinda chatu.

Mheshimiwa alikuja kwangu siku chache kabla. Wakati huo hakuwa Mheshimiwa bado, alikuwa jembe tu. Alikaa pale pale ulipokaa wewe leo ukinywa uji. Akaniita mzee wangu. Nilijivuna, nikidhani ameniheshimu, kumbe anamwita kila mtu mzee wangu kwa sababu hawezi kukumbuka jina la mtu asiye na cheo. Alikuwa na jembe jipya alilonunua Kahama kwa ajili ya kampeni, karatasi ya duka bado imebandikwa kwenye mpini, na aliposhika mpini ule alikuwa ameviringisha leso kiganjani. Niliiona ile leso, na mtunga nyimbo yeyote anayejiheshimu angeimaliza ile leso kwa ubeti mmoja. Lakini sikuwa natungia ukweli. Akaniambia kwa upole kwamba watu wanasema maneno juu ya daftari la mwalimu, na kwamba ningi mkubwa kama mimi bila shaka ameyasikia. Basi. Hakuniambia niimbe nini. Watu wa aina yake hawakuambii, wanakuachia mlango wazi na wanajua utaingia mwenyewe.

Sasa nikueleze daftari.

Mgombea wa pili, mwenye alama ya nyumba, alikuwa mwalimu Rwegoshora. Wewe unamkumbuka, alikufundisha darasa la pili na la tatu. Alikuwa mtu wa kuja, kwao ng'ambo ya ziwa, mrefu, mkimya, anayeongea kana kwamba kila neno anasahihishiwa. Kisukuma hakukijua zaidi ya salamu. Jioni alikuwa anatufundisha sisi watu wazima kusoma pale shuleni. Mkono huu unaoandika hapa aliushika yeye, kidole kwa kidole, mpaka nikaweza kuandika jina langu, nami wakati huo nikiwa na watoto watatu na ndevu.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ule ndipo tulipohamishiwa kijijini. Ulikuwa mtoto, lakini lazima unakumbuka malori. Habari zilipofika kwamba tutahamishwa, mtama ulikuwa haujakatwa na pamba ndiyo kwanza inapasuka. Mwalimu akanifuata. Akasema anataka kupita nyumba kwa nyumba aandike kila kaya ina nini shambani, kisha aende na orodha hiyo kwa wakubwa awaombe wangoje tuvune. Akaniomba nifuatane naye niwe mkalimani. Akaniomba pia nisimwambie mtu sababu, kwani yeye ni mtumishi wa serikali na hakutaka aonekane anapinga amri. Kwa hiyo kwenye kila nyumba niliwaambia watu kwamba ni hesabu ya mazao tu. Tulitembea siku tatu. Kaya thelathini na nne. Upande wa ng'ambo ya mto hatukufika, muda ulikuwa umekwisha.

Akaenda, akaomba, akapewa. Zile kaya thelathini na nne tuliachiwa wiki nne, wakubwa bila kutaja sababu. Tulivuna, tukabeba mtama wetu, tukahama na chakula. Wa ng'ambo ya mto walipakiwa siku ile ile malori yalipokuja. Nyumba zao zikaezuliwa, mtama wao ukaliwa na ndege. Na nani alikuwa amekaa mbele ya lori la kwanza, karibu na dereva, akitafuna karanga? Huyu huyu anayekuja kukuchukua kesho. Kila mtu alimwona. Ndiyo maana alihitaji wimbo.

Maana watu walikuwa wameona vitu viwili. Walimwona mwalimu akipita na daftari akiandika majina, na baada ya wiki mbili wakaona malori. Vitu viwili vikifuatana, mtu asiyejua anaviunga. Watu wawili tu ndio waliojua ukweli, mwalimu na mimi.

Siku moja kabla ya mkutano mwalimu alinikuta njiani. Akanipa daftari lile mkononi. Akasema, "Baba Kulwa, kesho wataniuliza habari ya daftari hili. Nikijisemea mwenyewe wataona najisifu. Wakiuliza, simama wewe, uwasomee ukurasa wa kwanza. Sasa unaweza kusoma." Alisema hilo la mwisho akitabasamu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikalitia daftari kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Nalo lilikuwa humo siku ya pili, wakati napiga ngoma.

Sheria ya kampeni ilikuwa hotuba zote ziwe kwa Kiswahili, na asitukanwe mtu. Msimamizi alikuwa mgeni, amevaa shati lenye mifuko minne na kalamu katika kila mfuko, mkali kama nini. Mgombea akitaja tu kabila anakatizwa. Lakini ngoma ni burudani, na burudani ni kwa Kisukuma, na Kisukuma msimamizi hakujua hata neno la kuombea maji. Nikaimba. Kwa Kiswahili ni kama hivi: nyumba inaomba kura, nyumba iliyoezua nyumba, alipita na daftari, nyuma yake likapita lori, andika, mwalimu, andika, tuambie kesho zamu ya nani.

Ni wimbo mzuri. Nasema hivyo kwa masikitiko, lakini ni wimbo bora kuliko zote nilizotunga. Kufika ubeti wa pili watu wa Bagalu walikuwa wameacha uwanja wao. Wote walikuja kwangu. Chatu alibaki na mwenye chatu. Wa ng'ambo ya mto walikuwa wanalia na kucheza kwa pamoja. Msimamizi alikuwa anapiga makofi kwa furaha na kuigonga meza kufuata mdundo, kila kalamu ikirukaruka kifuani, na mwisho wake akatushukuru kwa kudumisha utamaduni wetu.

Mwalimu hakuelewa maneno, lakini daftari ni daftari kwa lugha zote mbili, na alikuwa anaona watu elfu wamemgeukia. Hakukasirika. Aliniangalia usoni, kisha akaangalia koti langu upande wa kifua, kisha akaniangalia tena usoni. Alikuwa ananingoja. Alidhani nitamaliza wimbo, nitoe daftari, niwasomee, kwamba labda ndivyo sisi tunavyofanya, tunaanza na fumbo halafu tunalifungua. Alikuwa mtu wa kuja, hakujua desturi zetu, kwa hiyo alitudhania mema. Mimi nikaongeza mwendo wa ngoma.

Alipopewa dakika zake alisema habari za zahanati na madawati. Hakuna aliyesikiliza. Mheshimiwa aliposimama aliinua lile jembe lake juu, leso kiganjani, akasema jembe halina maneno mengi, akakaa. Watu wakashangilia mpaka vumbi likawafunika. Hotuba yake yote ilikuwa imeshatolewa na mimi.

Alishinda. Nitakuambia alichokifanya kwa miaka kumi, haitachukua nafasi kubwa. Alituletea pampu ya maji. Pampu ilishushwa, ikapigwa picha na yeye akiwa ameishika, kisha ikapakiwa tena ikapelekwa kupigwa picha kijiji kingine, na sijui leo iko picha ya ngapi. Bungeni nilimsikia mara moja kwenye redio. Nilikusanya watu kumi na wawili hapa uani, nikanunua betri mpya, tukanyamazisha hata watoto. Akasema, "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Akakaa. Tulingoja kama kuna zaidi mpaka wakapiga muziki. Uchaguzi uliofuata alirudi, akawekewa mwenzake dhaifu, nikaimba tena, ingawa safari hiyo sikuwa na wimbo, nilikuwa na mazoea tu.

Na malipo yangu nilipata. Alinipa kofia. Unaijua, ile ya kijani, ndiyo kuku wa mama yako anaatamia humo. Usidhani kuku aliingia mwenyewe. Mama yako alimweka.

Mama yako alijua. Wiki ile ile alifua koti, akalikuta daftari, na ingawa hakujua kusoma alilitambua, maana alikuwa ametukaribisha chakula siku tulipolizungusha. Aliniuliza kwa nini lipo kwangu. Nikamwambia aachane nalo. Akalirudisha mfukoni, na tangu siku hiyo hajawahi kunipigia kigelegele, iwe harusini au shambani. Wewe umekuwa ukidhani hapendi ngoma. Msichana niliyemwoa alikuwa anaweza kupiga kigelegele mpaka ng'ombe wanageuka.

Mwalimu aliishi hapa mwaka mzima baada ya hapo. Darasa la jioni lilikufa, na wa kwanza kuacha kuhudhuria nilikuwa mimi. Ng'ombe waliingia katika mahindi yake mara tatu, na kila mara mchungaji alikuwa hajulikani, katika kijiji ambacho tunamjua hata mwenye kuku kwa unyayo. Mke wake kisimani alirudishwa nyuma ya mstari kila siku. Nawe ulikuwa na miaka kumi. Siku moja nilikuwa natoka shambani nikakukuta na wenzako mnamfuata yule mama njiani, ana ndoo kichwani, mnamwimbia: andika, mwalimu, andika. Wewe ndiye uliyekuwa unaongoza. Sauti yako ilikuwa safi kabisa. Shija mwanangu, unajua nilihisi nini? Nilijivuna. Nilisimama nyuma ya kichuguu nikakusikiliza mpaka mwisho, nikajisemea mtoto ameichukua ngoma yangu. Katika yote niliyoyafanya hilo ndilo linalonichefua zaidi, na kila nikikusikia ukiimba linanirudia.

Mwisho akaacha kazi, akapakia watoto na vitabu, akahamia Nkome, ziwani. Anaanika dagaa.

Nilimfuata huko. Ilinichukua miaka sita kupata ujasiri, na hata hivyo nyumbani nilisema nakwenda kununua samaki. Nilimkuta amechuchumaa anageuza dagaa juani, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitambua mara moja. Akanikaribisha, akaagiza mtoto alete maji ya kunywa, akaniuliza habari zenu wote kwa majina, Kulwa, Doto, na wewe, akauliza kama bado unachanganya herufi za l na r. Mtu niliyemmaliza alikuwa anayakumbuka majina ya watoto wangu, na yule niliyempandisha hajui hata la kwangu.

Nikatoa daftari nikamwekea mbele. Nikamwambia yote, hata habari ya chatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nilikuwa nimejiandaa kusamehewa. Sikuwa nimejiandaa kwa kilichotokea. Alisikiliza huku mikono yake inageuza dagaa, kisha akasema, "Nilikungoja, Baba Kulwa. Siku ile nilikungoja, na baada ya hapo nilikungoja mwaka mzima. Kila mtu alipopiga hodi nilidhani ni wewe." Nikamwambia sasa nimekuja. Akasema, "Sasa nauza dagaa." Akalisukuma daftari kwangu. "Kaa nalo. Ni la kwenu." Hakunisamehe wala hakunifukuza. Alinipimia dagaa, akaniongezea kiganja kimoja juu, nikapanda gari nikarudi. Mlizila zile dagaa mkasema ni tamu.

Basi, kesho.

Juzi nilikusikia zizini unafanya mazoezi. Ulidhani nimekwenda mbali. Mwaka huu anayesimama na Mheshimiwa ni bwana mifugo Nkwabi, nami nilisikia ubeti wako: josho limekauka, ng'ombe wamekufa, dawa imelala nyumbani kwa Nkwabi. Nilisimama kando ya ukuta. Vidole vyangu vilianza kupiga mdundo vyenyewe kwenye mti wa zizi, kabla kichwa hakijafika. Ni wimbo mzuri, mwanangu. Utawavuta watu wote uwanjani. Una kitu ambacho hata mimi sikuwa nacho, unajua kunyamaza kidogo kabla ya jina.

Kama dawa ililala nyumbani kwa Nkwabi, sijui. Mimi sikuwepo. Wewe ulifanya kazi joshoni misimu miwili ukibeba ndoo, ulikuwepo siku pipa la dawa lilipofunguliwa, na unajua lilikuwa na nini na nani aliahidi kulileta lingine. Sijakuuliza, wala sitakuuliza kesho mbele ya gari. Yeye Nkwabi huenda ni mjinga, huenda ni mwizi, sina haja ya kumtetea, nimeona wagombea wa kutosha kujua kwamba wengi wao hawastahili hata matusi. Kama ni mwizi, imba, na umwimbe vizuri. Ninachojua ni kwamba Mheshimiwa hakukuambia uimbe nini. Alikuja, akakuita kijana wangu, akasema watu wanasema maneno juu ya josho. Si ndivyo? Aliiacha habari hapo, akanywa uji.

Sikukatazi kwenda. Una miaka ishirini, na baba aliyefanya niliyoyafanya akikataza atachekwa, na atastahili. Ukarani ni kazi, na hapa kwetu vijana wenzako wanashuka mashimoni kutafuta dhahabu na wengine hawapandi tena. Ukienda, nitakupungia mkono. Lakini nilitaka uende ukiwa na daftari hili ndani ya koti lako, upande wa kifua, ulisikie likikugusa unapoinua mkono kupiga ngoma. Mimi nililisikia. Ngozi yangu bado inajua pembe zake zilipokuwa.

Mama yako anarudi, namwona na ndoo kule njiani. Kurasa zenyewe zimekwisha, nimefika yanapoishia majina aliyoandika mwalimu. Sasa geuza, fungua mbele. Usiangalie mwandiko wake tu, ingawa utaona jinsi wangu ulivyozaliwa na wake. Soma kichwa alichokiandika juu, pale niliposhindwa kusoma siku ile: Kaya zinazoomba kungojwa mpaka zivune. Halafu soma jina la kwanza. Ni langu. Chini yake ameandika mtama ekari mbili, pamba ekari moja, watoto watatu, na mdogo wa mwisho, Shija, ana homa, asisafirishwe kwa lori.

Baba yako.